Sahani ya Mchina, Jina la Mzungu: Sifa ni ya Nani?

Siku moja nilionyesha wanafunzi wangu wa mwaka wa tano picha ya sahani nyeupe yenye alama ya ukoo mmoja wa Uingereza: ngao, simba na maneno ya Kilatini. Nikauliza: "Hii ni kazi ya nani?" Wote pamoja: "Ya Wazungu, mwalimu!" Sikuwakasirikia. Hata watu wakubwa waliosoma wanasemaka vile vile.

Tuseme ukweli. Sahani zile zilitoka China, katika mji wa Jingdezhen. Karibu na pale kuko mlima Gaoling, ndio uliotoa jina la ule udongo mweupe, kaolini. Waliuchanganya na jiwe lililosagwa, wakauchoma kwa moto wa karibu digrii 1,300. Padri Mfaransa d'Entrecolles, aliyeishi kule, aliandika mwaka 1712 kwamba chombo kimoja kinaweza kupita mikononi mwa wafanyakazi 70. Katika karne ya 18, sahani nyingi zilishushwa mpaka Canton, bandarini, na huko wachoraji walitia alama wakifuata karatasi iliyotumwa kutoka Ulaya. Waingereza peke yao waliagiza seti zaidi ya 3,000. Leo tunajua koo nyingi zilizoagiza. Wale mafundi 70, ni nani anawajua?

Wako wanaobisha: "Fundi aliiga tu." Tena wanacheka kwamba wachoraji wengine walinakili hata maneno ya kuonyesha rangi, juu hawakujua kuyasoma. Mimi nawajibu: ni nani kati yenu anaweza kunakili herufi za Kichina kwa burashi, sahani kwa sahani, bila kukosea? Na kama ilikuwa kuiga tu, juu ya nini Ulaya haikuweza kutengeneza porselini ya namna ile mpaka mwaka 1708, kule Dresden? Padri yule alituma barua Ufaransa kueleza ufundi wa Wachina. Basi, mwanafunzi alikuwa nani?

Wengine wanasema: "Alilipwa, imeisha." Apana. Franga zinanunua sahani, hazinunui sifa. Alama ni ya ukoo, sikatai. Lakini bila ule mkono, alama ingebaki karatasi.

Nasema haya juu yetu wenyewe. Hapa Lubumbashi, fundi wa shaba anapokea komande, anaponda picha ao alama ya kampuni, kazi inatundikwa ofisini. Mgeni akiuliza, anaambiwa jina la mkubwa aliyelipa. Kesho wajukuu wetu watajibu kama wanafunzi wangu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Fundi, andika jina lako nyuma ya kazi, hata kama mwenye komande hapendi. Na sisi walimu, tukionyesha kitu darasani, tuanze kuuliza: nani alikitengeneza? Jina la mwenye nacho litafuata nyuma.