Kila mtumbwi unaobeba watu Lualaba na Luama uandikwe namba



Leo nataka tuongee juu ya jambo linaloonekana dogo: namba inayoandikwa ubavuni mwa mtumbwi. Motari akipita mjini bila plake, polisi anamsimamisha. Gari la shirika la msaada likipita, limeandikwa pande zote mbili kwa herufi kubwa, hata mtoto anajua ni la nani. Lakini mtumbwi wenye motere unaobeba akina mama, watoto wachanga, magunia ya mchele, mbuzi na vitanda, mara nyingi unaondoka ufukweni bila alama yoyote. Ukifika, hakuna anayejali. Usipofika, ndipo maswali yanaanza: ulikuwa mtumbwi gani? Wa nani? Uliondoka saa ngapi? Ulikuwa na watu wangapi? Na hakuna mwenye jibu.

Maoni yangu ni haya: kila chombo kinachobeba watu kwa malipo katika mto Lualaba na mto Luama, kiwe mtumbwi wa gogo, balenyeri ya mbao au boti ya mpira ya kujaza upepo, kiandikwe namba inayosomeka kutoka ng'ambo. Na namba hiyo iende pamoja na hesabu ya watu wanaopanda.

Sisi wa huku hatuwezi kusema mto ni jambo la watu wengine. Anayetoka Kasongo kwenda kutafuta treni ya SNCC upande wa Samba, lazima avuke Lualaba. Luama inatoka milima ya upande wa Fizi, inapita Kabambare na kuja kumwaga maji yake Lualaba. Anayekimbia risasi anakutana nayo njiani. Wakati wa amani mtu anaweza kungoja, kuangalia mtumbwi, kukataa kupanda ukiwa umejaa. Wakati wa vita hachagui. Anapanda ule uliopo, usiku au mchana. Kwa hiyo wadeplase ndio wanaopanda vyombo vibaya zaidi, na ndio ambao hawana mtu wa kuwaulizia wakipotea. Kule walikotoka watu wanadhani wamefika. Kule wanakokwenda hakuna anayejua kwamba walikuwa njiani.

Tukumbuke yaliyotokea ziwa Kivu tarehe 3 Oktoba 2024. Meli ndogo iliyoitwa Merdi ilitoka Minova ikielekea Goma. Ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wakiwa wanaitazama kutoka nchi kavu. Wengi walikuwa wamechagua ziwa kwa sababu vita ilikuwa imefunga barabara ya Minova kwenda Goma. Chombo kile kilikuwa na jina, kwa hiyo kila mtu alijua ni kipi kilichozama. Lakini waliokuwa ndani walikuwa wangapi? Hesabu zilizotangazwa zilipishana sana. Familia zilibaki zikizunguka kati ya bandari na hospitali zikitafuta watu wao. Somo langu hapo ni kwamba jina la chombo bila orodha ya watu ni nusu ya kazi. Na sisi wa Lualaba na Luama, mara nyingi hata hiyo nusu hatuna.

Mto wetu unajua watu kufa bila kuhesabiwa tangu zamani. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe, hapa hapa kwetu, watu wenye bunduki wa wafanyabiashara wa pwani waliwafyatulia risasi watu wa soko, wengi wao wanawake. Watu walikimbilia mitumbwi iliyokuwa imebanana kwenye mkono wa maji, wakajazana, mitumbwi ikazama, wengine wakaogelea hadi maji yakawashinda. David Livingstone alikuwepo siku hiyo. Hesabu aliyoiandika, iliyotoka kwa wafanyabiashara wenyewe, ni kati ya watu 330 na 400. Angalieni: kati ya 330 na 400. Watu 70 wako katikati ya namba hizo mbili, na hatujui kama walikufa au waliokoka. Zaidi ya miaka 150 imepita. Je, tuendelee kuhesabu watu wetu kwa kukadiria?

Wengine watasema ninaleta sheria mpya ya kuwasumbua raia. Sheria si mpya. Nchi yetu ina kanuni za usafiri wa mito na maziwa tangu mwaka 1966. Kuna komiseri wa mto, ambaye kazi yake ni kukagua vyombo na kuangalia kama vinafaa kubeba watu. Mwezi wa Aprili 2019, baada ya ajali nyingine ziwa Kivu ambapo watu karibu 150 hawakuonekana, Rais Félix Tshisekedi aliagiza kila abiria avae jile ya kujiokolea. Maagizo yapo, ila karatasi ya Kinshasa haifiki ufukweni kama hakuna anayeisimamia. Na namba ndiyo mwanzo wa kusimamia, maana huwezi kukagua mtumbwi usioweza kuutofautisha na mwingine. Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kama ni hivyo kwa mali, si zaidi kwa watu?

Sasa nije kwa wenye mitumbwi, kwa sababu wana neno lao na neno lao ni la kweli. Nikiwauliza kwa nini hawataki namba, jibu linakuwa moja: namba ni kodi. Wanasema leo ataandika namba, kesho atakuja wa kwanza na kitabu cha taksi, kesho kutwa wa pili, na kila bariere kutakuwa na mtu mwenye penseli. Sitawaambia kwamba wanaota. Raia wa jimbo hili amelipa mara nyingi kitu kimoja kwa watu tofauti, na risiti hakupata.

Kwa hiyo ninasema wazi: namba isigeuzwe mfereji wa pesa. Kama kuna malipo ya kuandikisha, yawe mamoja kwa mwaka, bei ibandikwe ukutani ufukweni ambapo kila mtu anaisoma, na risiti itolewe. Mtumbwi mdogo wa mvuvi asiyebeba abiria usiingizwe humo. Mkuu wa teritware na mashirika ya raia wakae pamoja na wenye mitumbwi kabla ya kuanza, si baada ya watu kugoma.

Na mwenye mtumbwi naye afikirie faida yake. Mtumbwi ukiibiwa usiku na kuteremshwa na maji, atauthibitishaje kuwa ni wake kama unafanana na mingine yote? Akiwa ameshalipa, namba yenye risiti inamfungia mdomo anayetaka kumlipisha tena. Na siku mtumbwi wa mtu mwingine ukizama, hatakamatwa yeye kwa sababu tu yuko ufukweni na ana motere.

Kuna hofu nyingine nzito zaidi, na hii ni ya wadeplase. Mtu aliyekimbia kundi lenye silaha hataki jina lake liandikwe kwenye daftari linalopita bariere. Ana haki. Upande wa Salamabila na kwingine Kabambare, watu wamejifunza kwamba jina na kijiji cha mtu vinaweza kumletea hatari. Kwa hiyo orodha isisafiri ndani ya mtumbwi. Ibaki nchi kavu, kwa mtu mmoja anayeaminiwa na watu wa ufuko ule, iwe ni kamati ya ufuko au mkuu wa kijiji. Na haina haja ya mengi: namba ya mtumbwi, saa ya kuondoka, hesabu ya watu wazima na watoto, na kwa kila familia simu moja ya ndugu wa kupigiwa. Asiyetaka kusema kijiji chake asilazimishwe. Asiye na simu ataje mtu wa kanisani, wa msikitini au wa familia iliyompokea. Mtumbwi ukifika salama, karatasi ya siku hiyo ichanwe. Usipofika, tuna mahali pa kuanzia.

Namna ya kuandika namba si elimu ngumu. Marekani, kwa mfano, mashua za motere, hata zile ndogo za mpira, huandikwa namba pande zote mbili sehemu ya mbele, kwa herufi zilizonyooka, zisizopungua inchi 3, yaani karibu sentimita 7 na nusu, na rangi iliyo tofauti na rangi ya chombo. Sisi tunaweza kuziandika kubwa zaidi, maana mto wetu ni mpana. Rangi nyeupe juu ya mbao nyeusi inaonekana mbali. Kwenye mtumbwi wa gogo, namba ichongwe au ichomwe kwa chuma cha moto kwanza, halafu ipakwe rangi. Rangi ikitoka, alama inabaki. Kwenye boti ya mpira rangi ya kawaida haishiki: boti ikijazwa upepo na kutolewa, rangi inapasuka na kubanduka. Hapo unatumia rangi inayofaa mpira, au unaandika kwenye kibao na kukifunga kwa kamba imara kila upande. Na nisisitize: boti ya mpira ya shirika au ya serikali nayo iandikwe. Sheria inayomwangalia maskini peke yake haitaheshimiwa.

Chini ya namba tuongeze vitu viwili. Cha kwanza ni idadi ya watu wanaoruhusiwa: WATU 20, WATU 35, kadiri mkaguzi atakavyopima. Cha pili ni mstari wa rangi ubavuni, unaoonyesha mwisho wa mzigo. Maji yakifunika mstari, mtumbwi hauondoki. Uingereza wenye meli walikuwa wakijaza meli kupita kiasi na mabaharia wakifa, mpaka mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, alipopigania jambo hilo, na mwaka 1876 sheria ikaamuru meli ziwe na alama ya mzigo. Uzuri wa mstari ni kwamba hata mama asiyejua kusoma anauona, na anaweza kusema: baba, mstari umezama, mimi siingii.

Mtu ataniuliza: namba inazuia mtumbwi kuzama? Hapana. Tanzania, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, ziwa Victoria. Kilikuwa na jina, mwenyewe alikuwa serikali, na kilijulikana kuwa ni cha kubeba watu 101. Watu zaidi ya 220 walikufa. Namba haikuwaokoa. Lakini kwa sababu idadi iliyoruhusiwa ilijulikana, hakuna aliyeweza kusema kwamba kivuko hakikujazwa kupita kiasi. Kwetu mtumbwi ukizama, tunaambiwa ni upepo, ni mamba, ni mkono wa mtu, ni mapenzi ya Mungu. Mungu tunamwachia yaliyo yake. Kuhesabu watu ni kazi yetu sisi.

Basi kila mmoja ana sehemu yake. Komiseri wa mto aende ufukweni siku za soko, wakati vyombo vinajaa, asingoje ofisini. Machifu wachague watu wa kuandika hesabu. Wenye balenyeri waanze wenyewe. Wanne au watano wakikubaliana kuandika namba zao mwezi huu, wengine watafuata, kwa sababu abiria watapenda kupanda chombo kinachojulikana. Mashirika yanayosaidia wadeplase yanayoleta sabuni na maturubai yaongeze makopo machache ya rangi na jile za kujiokolea.

Na ninyi familia mlio njiani, msingoje viongozi. Kabla ya kupanda, muulize mtumbwi ni wa nani, na mwambie mtu mmoja anayebaki: tunapanda huu, tuko watu sita, tunakwenda upande ule. Ukiwa na namba, mtumie hiyo namba kwa simu. Kama watu ni wengi na maji yanakaribia ukingo, heri kulala ufukweni usiku mmoja.

Kopo moja la rangi linatosha mitumbwi mingi. Wenye mitumbwi wa Kasongo-Rive na wa vivuko vya Luama, tunawangoja ninyi mwanze. Atakayeandika wa kwanza atuletee habari, nasi tutaisoma hapa.