Mtoto wa Mvuvi Asikose Samaki



Naomba nafasi kidogo katika kurasa za Kiswahili nipate kusema neno moja na wanafunzi, na wale waliokwisha kumaliza shule zamani kama mimi. Neno lenyewe ni juu ya afya ya watoto wadogo wa kwetu Rusizi, ambako kabla ya mwaka 2006 tulizoea kukuita Cyangugu.

Wazee husema, penye miti hapana wajenzi. Mimi naona methali hii yatuelekea sisi. Tazameni wilaya yetu. Bondeni Bugarama kuna mpunga. Milimani kuna maharagwe, ndizi na maparachichi. Na katika Ziwa Kivu kuna sambaza. Samaki hawa wadogo si wenyeji wa ziwa letu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika karibu na mwaka 1959, nao ni jamaa ya dagaa wa Kigoma. Wamezaana sana, na leo wavuvi wengi, tangu kisiwa cha Nkombo hata pwani ya Kamembe, huishi kwa ajili yao.

Hata hivyo watoto wetu wengi hawakui vema. Uchunguzi wa afya uliofanywa katika Rwanda nzima mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, watoto 44 walikuwa wamedumaa. Uchunguzi wa miaka 2014 na 2015 ukaonyesha 38, na ule wa miaka 2019 na 2020 ukaonyesha 33. Hesabu yashuka, nasi tushukuru. Lakini 33 katika 100 ni kama mtoto mmoja katika kila watatu. Katika darasa la watoto 45, hao ni 15.

Kudumaa si kuwa mfupi tu. Wako watu wa kimo kidogo wenye afya na akili tele. Aliyedumaa ni yule aliyekosa chakula cha kujenga mwili, au aliyeugua mara kwa mara, tangu tumboni mwa mama yake hata umri wa miaka miwili. Katika siku hizo, ambazo ni kama 1,000, mwili na ubongo hukua kwa haraka kabisa, na zikipita ni vigumu kurudisha kilichopotea. Samaki mkunje angali mbichi. Basi mtoto huyo akifika darasani, akachelewa kushika masomo, sisi twamwita mvivu, kumbe shida yake huenda ilianza kabla hajajua kutembea.

Kwa nini iwe hivi, na samaki wako mlangoni? Mimi naona sababu tatu. Kwanza, samaki ni fedha. Alfajiri mitumbwi, mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti, hurudi na taa zake, na kabla jua halijawa kali ndoo zimekwisha kwenda sokoni. Pili, wale sambaza wachache wanaobaki nyumbani, katika nyumba nyingi nilizozijua, huwekwa mbele ya baba na mgeni. Mtoto wa mwaka mmoja hupewa ugali wa muhogo na mchuzi. Ugali wa muhogo hushibisha tumbo, lakini peke yake haujengi mwili. Tatu, mama wengine hutoka mapema na kikapu kichwani kwenda kuuza vitu, hata ng'ambo ya mto huko Bukavu, na mtoto hubaki na dada yake ambaye naye ni mtoto. Amelishwa nini, kwa maji gani na mikono gani, mama hana habari. Naye mtoto akiharisha, chakula kizuri alichokula hakimfai kama ipasavyo.

Katika miaka ya 1930 daktari mmoja, Bibi Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana, aliandika habari za ugonjwa wa watoto uitwao kwashiorkor. Jina hilo alilipata katika lugha ya wenyeji, Waga. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake wakati mdogo wake anapozaliwa. Mama wa huko walikwisha kuona kwamba mtoto akiachishwa maziwa asipewe chakula kingine cha maana, huugua. Kwetu naogopa kwamba amwondoaye mtoto si mdogo wake tu. Ni soko, na ni sisi tuliosoma.

Nasema sisi, maana madaftari, sare na gharama nyingine za shule hutoka katika ndoo ile ile ya sambaza. Mtoto wa miezi 10 hukosa samaki ili kaka yake apate kalamu. Hilo ni deni, na yafaa tulilipe.

Najua mtu atasema, "Wewe wasema hivyo kwa kuwa umeshiba. Maskini asipouza samaki, atanunua sabuni na chumvi kwa nini?" Neno hili ni la kweli, wala simwambii mvuvi aache kuuza. Nasema hivi: kabla ndoo haijatoka nyumbani, konzi moja iwekwe kando, iwe haki ya mtoto. Sambaza huliwa mzima pamoja na mifupa, kwa hiyo hujenga mwili na kutia mifupa nguvu. Waanikwe mahali safi mpaka wakauke kabisa, watwangwe, unga wao uchekechwe na kutiwa katika uji wa mtoto aliyetimiza miezi 6. Kabla ya hapo maziwa ya mama peke yake yatosha. Tena unga huo utasaidia wakati uvuvi unaposimamishwa ili samaki wazaane.

Serikali imefanya mengi. Tangu mwaka 2006 kuna mpango wa Girinka wa kuwapa maskini ng'ombe, na unga wa Shisha Kibondo umegawiwa kwa mama na watoto wa nyumba zisizo na kitu. Lakini serikali haikai jikoni mwetu.

Basi, ndugu wanafunzi, mwendapo likizo, twangeni unga huo kwa mikono yenu. Chemsheni maji ya kunywa, na mwoneni mdogo wenu ananawa kwa sabuni kabla ya kula. Wavulana msiseme uji ni kazi ya wasichana. Nanyi wanafunzi wa zamani wenye mishahara, mpelekapo fedha nyumbani msiulize habari za shamba na ng'ombe tu. Ulizeni mtoto amekula nini leo.

Kwa maneno haya naweka kalamu chini. Mwenye shauri lililo bora kuliko langu na aliandike katika gazeti letu, nami nitalisoma kwa furaha.

Mwanafunzi wa Zamani,
Kamembe