Uchambuzi: Mfuko wa huduma ya kwanza Cibitoke, nani anaujaza tena?

Maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza yalipozuka Bujumbura tarehe 26 Aprili 2015, Cibitoke, mtaa ulioko kaskazini mwa jiji hilo, ulikuwa miongoni mwa vitovu vyake. Barabara zilifungwa, na miongoni mwa waliowahi kuwafikia majeruhi walikuwa wafanyakazi wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wa Burundi. Yaliyotokea yaliacha swali ambalo bado lina uzito: mfuko wa mtoa huduma ya kwanza uwe na nini?

Jibu linaanzia kwenye aina ya majeraha. Aliyepigwa risasi au vipande vya guruneti anaweza kufariki kwa kuvuja damu ndani ya dakika chache, kabla gari la wagonjwa halijafika. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kugandamiza jeraha kwa nguvu. Mkanda wa kubana mkono au mguu hutumika pale damu inapokataa kukoma. Mfuko unaofaa huanza na glavu, shashi, bandeji, mkanda huo, mkasi wa kukatia nguo, na kalamu ya kuandika saa mkanda ulipofungwa, kwani daktari atahitaji kuijua. Vidonge na plasta ndogo vinafaa nyumbani. Kwa majeruhi wa risasi haviokoi maisha.

Suala la pili ni ugavi. Glavu hutumika mara moja na kutupwa. Katika nchi inayokabiliwa na uhaba wa fedha za kigeni na wa mafuta, kifaa kinachoagizwa nje hakipatikani upya kwa urahisi. Msaada wa mifuko mia moja usio na mpango wa kuijaza tena huisha nguvu baada ya dharura ya kwanza. Baadhi ya vitu vinaweza kutengenezwa papo hapo: bandeji za pembetatu hushonwa na fundi cherehani, na mbao za kutegemeza mfupa uliovunjika huchongwa na seremala. Mkanda wa kuzuia damu, hata hivyo, si wa kubania matumizi, kwa kuwa ulio bandia unaweza kukatika ukikazwa.

La tatu ni alama. Cibitoke ulishuhudia mapigano ya kikabila katika miaka ya 1990, na anayemkimbilia majeruhi huulizwa kwanza yuko upande gani. Msalaba mwekundu unalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, na si pambo la kila kisanduku cha dawa. Ukitumiwa ovyo, ulinzi wake hupungua kwa wale wanaoutegemea barabarani. Kwa mifuko ya kawaida, msalaba mweupe juu ya kijani unatosha.

Kwa wafadhili na mamlaka za Bujumbura, kununua mifuko ndiyo sehemu rahisi. Kipimo halisi ni iwapo bajeti ya mwaka unaofuata itakuwa na fungu la glavu.