Miguu iliyokazana si uchawi



Mwanzoni mwa mwaka wa masomo tulimpokea darasani mtoto wa miaka minane. Mama yake alimleta mgongoni. Miguu ya mtoto imekazana na maneno yanatoka polepole, lakini hesabu anajua kuliko wengi. Mama alituambia kwamba familia ya bwana ilimfukuza, eti ameleta uchawi. Tukamuuliza juu ya siku za kwanza. Alisema siku ya tatu mtoto alikuwa manjano mpaka nyayoni, hakunyonya vizuri, na majirani wakamwambia amuweke juani tu.

Wamama, tuelewane. Ni ubongo wa mtoto ulioumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa ao nyuma kidogo. Hatari ni hizi: kuzaliwa kabla ya miezi kutimia, uzito mdogo, mapasa, kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa, manjano kali, malaria iliyopanda kichwani, na meninjite. Mara nyingine sababu haionekani hata kidogo. Mama asihukumiwe.

Tunaweza kupunguza hatari. Mimba ipimwe mapema, pamoja na damu ya mama. Tulale ndani ya chandarua na tumeze dawa ya kukinga malaria tunayopewa. Uchungu ukianza, twende materinite, tusingoje nyumbani: mtoto asiyelia anahitaji kusaidiwa kupumua katika dakika ya kwanza.

Manjano tuiangalie mchana, kwenye macho na nyayo. Ikitokea siku ya kwanza, ao ikifika nyayoni, ao mtoto akikataa ziwa, ni hospitali siku ile ile. Huko kuna taa ya buluu. Jua la dirishani halitoshi. Na nguo za mtoto tusiziweke na naftalini: kuna watoto ambao damu yao haiivumilii, inavunjika na manjano inapanda.

Mtoto wa miezi minne asiyeshika shingo, ao wa miezi tisa asiyekaa, tumpeleke kwa muganga. Mazoezi yakianza mapema yanasaidia.

Yule mtoto wetu leo anakaa benchi la kwanza, na wenzake wanagombania kubeba mfuko wake. Kama kuna mwingine amefichwa chumbani, mama, mlete. Nafasi iko.