Msafara Ukipita, Mti Uwe na Mwenyewe

Tangu mwaka 2019 kuna Watanzania ambao kila ikikaribia 14 Oktoba hutoka Dar es Salaam kwa baiskeli wakielekea Butiama, alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Julius Nyerere. Msafara wao unaitwa Twende Butiama. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, na humo utawakuta wafanyakazi wa ofisini, wafanyabiashara, wanafunzi na wastaafu wenye mvi na mapaja ya chuma. Wanapopita hupanda miti, hukabidhi madawati na kushirikiana na watoa huduma za afya. Ombi langu linahusu hiyo miti, na linawaelekea hasa ninyi mnaoishi kando ya barabara, mnaobaki sisi waendesha baiskeli tukishapita.

Kipande cha njia ninachokipenda kuliko vyote ni Dodoma kwenda Manyoni. Siku hiyo huanza giza likiwa bado nene. Saa kumi na moja alfajiri fundi anakagua cheni na breki kwa tochi ya simu, mayai ya kuchemsha na ndizi zinapita mkono kwa mkono, na kila mtu anajaza maji kwenye chupa zake mbili. Tunawahi kwa sababu Oktoba ya kanda ya kati haina huruma. Ikifika saa tano lami inakurudishia joto usoni.

Hadi Bahi kazi ni nyepesi. Tunakwenda mistari miwili. Aliye mbele anakata upepo kwa dakika chache, kisha anajitoa kando na kurudi nyuma, na mwenzake anashika nafasi. Mgeni haelezwi mengi, anaoneshwa tu gurudumu la kufuata. Nyuma yetu linakuja gari la huduma likiwa limewasha taa, maana njia hii ndiyo ya malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Congo. Madereva wengi wa malori ni waungwana: wanapunguza mwendo, wanapiga honi ya salamu, wanasubiri nafasi. Kwa wale wachache wenye haraka nasema hivi: kaka, tuachie mita moja na nusu. Hiyo inatutosha, na wewe utafika.

Ukishaipita Kintinku unauona ukuta wa Bonde la Ufa mbele yako, na pale Saranda barabara inaanza kuupanda kwa kona. Hapo mazungumzo hukatika. Unasikia pumzi na gia zinazobadilishwa. Aliyechoka huhisi kiganja mgongoni. Mwenzake amemkaribia, anakanyaga kwa mguu wake na kumsukuma kwa mkono mmoja, bila kusema neno. Nimemwona bwana mmoja wa makamo akimsukuma hivyo binti asiyemfahamu hadi kileleni, na kule juu wakapeana mkono ndipo wakaulizana majina.

Katika siku kama hiyo tulisimama kwenye shule ya msingi. Mashimo yalikuwa yamechimbwa tayari katika udongo mwekundu uliokauka hadi kupasuka. Miche ya mwarobaini ilikuwa kwenye viriba vyeusi, imepangwa kivulini. Wanafunzi walisimama wawiliwili, kila mmoja na kidumu cha lita tano, maji waliyoyabeba kutoka nyumbani asubuhi ile. Tukachana viriba, tukapanda, tukapigwa picha, watoto wakaimba. Mzee mmoja aliyetusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi", kwa furaha alipotuona aliinama, akaushika mche kwa vidole viwili, akauliza: "Wanangu, asanteni, mmetoka mbali. Huyu kesho atanyweshwa na nani?"

Swali hilo ndilo ninalolileta kwenu. Sisi tunapanda mwanzoni mwa Oktoba. Mvua za Dodoma na Singida huja mwishoni mwa Novemba au Desemba, na mwaka mwingine hukawia. Katikati kuna wiki kama nane za jua kali na mbuzi wenye njaa. Mche uliotoka kitaluni, uliozoea kumwagiliwa asubuhi na jioni, hauwezi kuzivuka wiki hizo peke yake. Aliyeupanda siku hizo yuko mbali, na hata angekuwa na moyo mwema kiasi gani, hawezi kunywesha mti wa Bahi akiwa Kinondoni.

Najua vilevile kwamba maji yanayotajwa hapa si ya bomba. Mtoto aliyebeba kidumu alikitoa kisimani, na nyumbani kuna sufuria inayoyasubiri. Mtu asije akawaambia wanakijiji wamwage maji ya kunywa kwenye mti. Tupige hesabu kidogo. Chukua chupa tupu ya lita moja na nusu, zile ambazo msafara wenyewe unaziacha kwa mamia. Toboa kizibo kwa sindano, kata kitako, ifukie kichwa chini karibu na shina, tandaza majani makavu juu ya udongo. Ijaze mara tatu kwa wiki. Kwa wiki nane maji hayo hayafiki ndoo mbili za lita 20. Tena yanaweza kuwa maji yaliyokwisha kuoshea mboga au vyombo, bila sabuni nyingi. Shule yenye kibuyu chirizi iweke mti palepale watoto wanaponawia mikono, na mti utakunywa kila wanapotoka chooni. Mzunguko wa matawi ya miiba utamzuia mbuzi. Hakuna linalohitaji fedha katika haya. Linalohitajika ni jina la mtu. Mti huu ni wa Asha wa darasa la nne, ule ni wa familia jirani na uwanja, huu wa mwalimu wa zamu.

Na pale penye visiki vya miti ya asili, wenyeji wa Dodoma wameshatuonesha njia nyingine, Kisiki Hai: unachagua chipukizi bora, unapogolea mengine, unaweka alama, unatunza. Mizizi yake iko chini tayari, haidai ndoo ya mtu. Natamani siku moja msafara usimame shambani kwa mkulima na kushika visu vya kupogolea badala ya majembe. Picha haitapendeza sana, lakini kivuli kitapatikana mapema.

Wenzangu wa baiskeli nao nawaomba. Tupande michache. Miti 20 yenye wenyewe inaishinda 500 isiyo na mtu. Kabla hatujaondoka, tuandike namba ya simu ya mwalimu, na mwezi wa kumi na moja tupige kuuliza hali, siyo kungoja Oktoba nyingine. Fedha ya msafara itengwe kidogo kwa ajili ya tangi la kuvunia maji ya paa pale ambapo shule haina. Oktoba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono. Tunaojivunia kuifuata njia yake tuwe radhi pia kwa kazi isiyo na honi wala bendera.

Ninyi wa Bahi, Kintinku, Manyoni, Ikungi, Igunga, Nzega na kuendelea hadi Bunda, msitusubiri barabarani tu na vigelegele, ingawa vigelegele hivyo vimetupandisha milima mingi. Muulizeni mwenyekiti wa kijiji mapema kama msafara unapita kwenu. Kamati ya shule ikae mwezi wa tisa, ichague mahali penye maji ya kunawia, iandike majina ya walezi wa miti kwenye daftari, mtoto na mzazi wake pamoja. Tukifika, mtupe miche mliyoichagua ninyi, mkwaju, mwembe au mwarobaini, mnayojua inastahimili udongo wenu, na mtuoneshe mlezi wa kila mmoja tumsalimie kwa jina. Kama walezi waliopatikana ni watatu, tutapanda mitatu, tutakunywa uji wenu na kuendelea na safari.