Droni Iliyoachwa na Mtengenezaji Bado Ni Mali Yako

Ukienda leo kwa muuza vyombo vya elektroniki ukiwa na droni ya zamani iliyovunjika, yumkini utajibiwa kwa sentensi moja: "Hiyo haitengenezwi tena, nunua nyingine." Wengi wetu huipokea sentensi hiyo kama tunavyoipokea habari ya mvua. Hurudi nyumbani, tukakiweka chombo juu ya kabati, tukaanza kudunduliza fedha za kununua kingine. Ninakuomba usiipokee hivyo. Kitenzi "kutengeneza" kina maana mbili katika Kiswahili, na muuzaji amezifunga katika kamba moja. Maana ya kwanza ni kwamba kiwanda kimeacha kuiunda droni hiyo. Maana ya pili ni kwamba hakuna awezaye kuikarabati. Ya kwanza ni uamuzi wa kiwanda. Ya pili ni dai tu, na aghalabu ni dai la uongo.

Hoja yangu ni hii: kampuni ina haki ya kuacha kuunda bidhaa, lakini haina haki ya kukunyima uwezo wa kuikarabati ile uliyokwisha kuilipia. Maneno "milki" na "mamlaka" yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, na undugu huo una mafunzo. Asiye na mamlaka juu ya kitu, umiliki wake ni wa jina. Ibara ya 26 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa kila mtu haki ya kumiliki mali. Haki hiyo ina uzito gani kwa kijana aliyenunua chombo ambacho hawezi kukifungua, hawezi kupata kipuri chake, na ambacho siku kampuni ya mbali itakapozima mitambo yake hakitaruka tena?

Tuchukue mfano ulio wazi. AR.Drone 2.0 ya kampuni ya Parrot ya Paris ilitambulishwa Januari 2012, ikiifuata ile ya kwanza ya mwaka 2010. Iliendeshwa kwa simu ya mkononi kupitia mtandao wa Wi-Fi ulioundwa na droni yenyewe, na kwa bei yake ya takribani dola 300 ilikuwa miongoni mwa droni za kwanza zilizomfikia mtu asiye mwanajeshi wala mhandisi. Januari 2017 Parrot ilitangaza kupunguza wafanyakazi 290 kati ya takribani 840 wa kitengo chake cha droni, na mwaka 2019 ikajiondoa kabisa katika droni za kuchezea. Droni zenyewe hazikutoweka siku hiyo. Zimebaki katika maboksi, zikipita mkono kwa mkono kwa bei ndogo, na ndiyo maana humfaa sana mwanagenzi.

Mwanagenzi huyo aanzie wapi? Aanzie kwenye kutazama na kusikiliza. Droni hii ina mota nne za wati 14.5. Kila mota huzungusha gia kubwa ya plastiki iliyoshikwa na mhimili mwembamba wa chuma, na juu ya mhimili huo ndipo hukaa rafadha. Ikianguka, kwa kawaida moja kati ya mambo matatu hutokea: meno ya gia hung'oka, mhimili hupinda, au msalaba wa katikati unaozibeba mota zote nne hupasuka. Toa betri, kisha zungusha rafadha polepole kwa kidole. Ikikwama mahali palepale katika kila mzunguko, gia imepoteza jino. Ncha ya mhimili ikiyumba, mhimili umepinda. Unapobadilisha gia kubwa, kikague pia kigia kidogo kilicho kwenye mota, kwa maana kilicholika hukila kipya. Kumbuka vilevile kwamba rafadha mbili huzunguka kwa mwelekeo wa saa na mbili kinyume chake. Ukizichanganya, droni itapinduka kabla ya kuiacha ardhi, nawe utailaumu mota isiyo na kosa.

Betri ndiyo inayotaka heshima kubwa kuliko vyote. Ni ya lithiamu, yenye seli tatu na volti 11.1. Kila seli ikijaa hufika volti 4.2, na haifai kuachwa ishuke chini ya takribani volti 3.3. Ukitaka kuiweka kwa wiki kadhaa, iache karibu na volti 3.8 kwa kila seli, kwani kuihifadhi ikiwa imejaa kabisa au imeisha kabisa huiua mapema. Ichaji juu ya kigae au sakafu ya saruji, kwa chaja inayosawazisha seli, na usilale ikiwa inachajiwa. Betri iliyovimba haichajiwi tena hata kama inaonekana ina uhai.

Maboresho yaje baada ya matengenezo. Betri ya awali ya milliampea-saa 1000 iliirusha droni kwa takribani dakika 12. Baadaye Parrot yenyewe ilitoa ya 1500, iliyofikisha takribani dakika 18. Mafundi wa kujitegemea waligundua kwamba bushi za shaba zinazoushika mhimili zaweza kutolewa na kuwekwa beringi ndogo za gololi, na msuguano ukapungua. Wewe badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, urushe, uandike ulichokiona. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la matengenezo ndilo linalomtofautisha fundi na mbahatishaji.

Nimeyaeleza haya kwa urefu ili uone kwamba hakuna uchawi ndani yake. Ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa kijana yeyote wa sekondari mwenye bisibisi sahihi na subira. Mafundi wa Katwe, hapa Kampala, hufanya magumu kuliko haya kila siku juani, wakifufua mashine ambazo waundaji wake walikwisha kuzisahau. Lakini uwezo wa fundi hautoshi peke yake. AR.Drone inakarabatika kwa sababu Parrot iliuza vipuri vyake kimoja kimoja, kuanzia gia na mhimili hadi mota, msalaba na gamba la nje, tena ikaonyesha kwa video namna ya kuvifunga. Ndani yake mlikuwa na mfumo wa Linux, na mtu aliweza kuingia katika kompyuta yake ndogo na kuichunguza. Kampuni ilipoondoka, maarifa yalibaki mikononi mwa watumiaji.

Mfano wa pili unatoka California. Mwaka 2015 kampuni ya 3D Robotics ilitoa droni iitwayo Solo. Mwaka uliofuata iliachana na soko la wanunuzi wa kawaida, na Solo zilizosalia zikauzwa kwa bei ya chini mno. Kampuni hiyo baadaye iliuachilia msimbo wa droni yake hadharani. Watu wa kujitolea wakauchukua chini ya jina Open Solo, wakarekebisha kasoro na kuiunganisha na programu huria ya ArduPilot, hata droni "iliyokufa" ikapata matoleo mapya baada ya mazishi yake. Kampuni ilishindwa kibiashara, lakini haikuondoka na ufunguo mfukoni.

Sasa linganisha na droni nyingi za bei nafuu zinazouzwa leo. Mota zimelehemiwa mahali pasipofikika. Gamba limegundishwa. Betri ni ya umbo lisilopatikana popote isipokuwa kwa muuzaji yule yule, naye hana akiba. Nyingine haziruki mpaka simu yako iwe na programu maalumu, na programu hiyo ikiondolewa au ikikataa kufanya kazi kwenye simu mpya, droni nzima hubaki kipande cha plastiki. Huku ni kupanga chombo kwa muda usioujua, ingawa risiti inasema umenunua.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zastahili majibu.

Wa kwanza watasema kwamba kampuni haiwezi kulazimishwa kuhudumia bidhaa milele. Ni kweli, na hakuna anayetaka hivyo. Kutoa mchoro wa saketi, orodha ya vipimo vya vipuri, na msimbo wa bidhaa isiyouzwa tena si huduma ya milele. Ni tendo la siku moja. Anayeacha nyumba ya kupanga hukabidhi funguo, na hatumwiti mtumwa kwa kufanya hivyo.

Wa pili watasema kwamba kumwachia mwanagenzi afungue chombo kinachoruka ni hatari kwa umma. Hatari ipo, lakini tuitafute mahali ilipo. Desemba 2013 mtafiti wa usalama Samy Kamkar alionyesha jinsi droni moja inavyoweza kuzinyang'anya droni nyingine za Parrot zikiwa angani, kwa kuwa mtandao wao wa Wi-Fi haukuwa na kinga ya kutosha. Kasoro ya namna hiyo ikigunduliwa katika droni ambayo kampuni imeitupa na kuifunga, nani ataiziba? Hakuna, na itaendelea kuruka juu ya vichwa vya watu ikiwa na kasoro ile ile. Ikiwa msimbo uko wazi, kuna matumaini kwamba mtu ataiziba. Vilevile, aliyejifunza kuitambua betri iliyovimba na mhimili uliopinda ni salama kuliko aliyekatazwa kuvitazama.

Wa tatu ni wenzetu wa hapa nyumbani, wanaosema kwamba mpya ni rahisi kuliko kutengeneza. Rahisi kwa nani? Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 kuhusu taka za elektroniki ilieleza kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Bei ya duka haijumuishi gharama ya betri inayooza katika jalala la kijiji.

Tazama pia sheria zinavyokwenda kwingine. New York iliweka sheria ya haki ya kukarabati vyombo vya kidijitali mwishoni mwa 2022, nazo Minnesota na California zikafuata mwaka 2023. Umoja wa Ulaya ulipitisha maelekezo yake Juni 2024, na nchi wanachama zimetakiwa kuanza kuyatumia tarehe 31 Julai 2026. Yanagusa mashine za kufulia, majokofu, simu na bidhaa kadhaa nyingine, lakini droni haimo katika orodha. Hata ingekuwamo, sheria hiyo ingemlinda mnunuzi wa Paris. Mnunuzi wa Kampala, Kigali au Bujumbura hatalindwa na bunge asilolichagua.

Kwa hiyo tudai kwa wale tuliowachagua. Kwanza, sheria zetu za kumlinda mlaji zimtake mwagizaji wa vyombo vya elektroniki aeleze, kabla ya kuuza, vipuri vitapatikana kwa miaka mingapi na chombo kitafanya nini mitambo ya kampuni ikizimwa. Pili, serikali itumie nguvu ya mkoba wake. Shule, wilaya au wizara inaponunua droni kwa fedha ya umma, mkataba uwe na kifungu cha vipuri, mwongozo wa ukarabati na msimbo pindi bidhaa itakapoachwa. Uganda ina Sheria ya Ununuzi wa Umma tangu 2003, na kifungu kama hicho ni mambo ya kuandikwa katika zabuni. Rwanda ilianza kusafirisha damu kwa droni kutoka Muhanga mwaka 2016, hivyo hakuna tena awezaye kusema kwamba droni katika eneo letu ni mchezo wa watoto wa matajiri. Tatu, shule za ufundi zifundishie vyombo vilivyokwisha kuachwa. Droni iliyovunjika juu ya meza hufundisha umeme, mekanika na hisabati kwa siku moja kuliko picha ya droni mpya ubaoni.

Haki hizi zina wajibu wake, nami siwezi kukuandikia kuhusu moja nikauacha mwingine. Anga si uwanja wa mtu. Kabla ya kurusha, tafuta kibali kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako, jiepushe na viwanja vya ndege na vituo vya usalama, na usimpige mtu picha uani kwake bila idhini yake. Droni uliyoikarabati mwenyewe ijaribiwe kwanza chini, mahali pasipo na watu, kwa kimo kisichozidi goti.

Na utakaporudi dukani, muulize muuzaji maswali manne kabla ya kufungua pochi. Gia na mota zake zinauzwa peke yake? Betri yake inapatikana kwa zaidi ya muuzaji mmoja? Yaweza kuruka bila akaunti ya kampuni? Skrubu zake zaonekana, au gamba limegundishwa? Akishindwa kujibu, mwambie kwa adabu kwamba utanunua kwingine, na umweleze sababu, ili naye akamweleze aliyemletea mzigo.