Ukivuka Rusumo, Anza Kutazama Kushoto

 Mwezi huu tunaomba tuweke kando kidogo habari za lishe na chanjo, tuzungumze juu ya safari. Siku hizi wengi wetu tunavuka mpaka kwenda Rwanda: wengine kwa semina, wengine kwa harusi au msiba, wengine kwa biashara. Tunapofunga mizigo tunakumbuka vitenge, dawa za mtoto na chakula cha njiani. Kuna jambo moja tunalisahau, nalo ndilo lililotaka kutuliza njiani.

Tulikuwa akina mama kumi na mmoja wa kikundi chetu cha kanisani, tunakwenda Kigali kwa basi. Tulifika Rusumo asubuhi, tukagongewa mihuri, tukavuka daraja la mto Kagera huku tukiimba. Kila mtu alikuwa dirishani akitazama maporomoko ya maji, na ni wachache walioona kwamba basi letu lilikuwa limehamia mkono wa kulia wa barabara.

Mbele kidogo dereva alisimama kumteremsha abiria. Mlango ukafunguliwa. Mtoto wa mwenzetu, mvulana wa miaka mitano aliyechoka kukaa, akashuka ngazi mbio ili aruke chini kama afanyavyo siku zote nyumbani. Lakini mlango wa basi letu uko upande wa kushoto. Kwetu Tanzania upande huo ni wa majanini, penye usalama. Kule Rwanda upande huo huo ni katikati ya barabara. Mama mmoja aliyekuwa karibu na mlango alimdaka ukosi wa shati, na papo hapo lori lililokuwa nyuma yetu likapita basi likipiga honi. Mama wa mtoto hakusema neno. Aliketi kwenye ngazi za basi, magoti yamemwishia nguvu.

Tulijiuliza baadaye, kosa lilikuwa la nani? Dereva wa basi alisimama pembeni kama inavyotakiwa. Lori lilipita upande uliokuwa wake. Mtoto alifanya alichozoea. Hakuna aliyevunja sheria, ila mazoea yetu tulivuka nayo mpaka bila kuyapekua.

Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, desturi tuliyoachiwa na Waingereza. Rwanda, Burundi na Kongo zilizotawaliwa na Wabelgiji zinaendesha kulia. Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, lakini barabarani kila nchi imebaki na upande wake.

Nchi ya Sweden inatufundisha kitu hapa. Tarehe 3 Septemba 1967, nchi nzima ilihama kutoka kushoto kwenda kulia kwa siku moja. Watu walidhani kungekuwa na vifo vingi. Kumbe ajali zilipungua kwa muda, kwa sababu kila mtu alikuwa macho. Watu walipozoea, ajali zikarudi kama zamani. Basi nasi tujue kwamba siku ya kwanza ugenini hofu hutulinda. Tujihadhari na siku ya tatu, tunapokwenda sokoni tukiongea na kucheka.

Haya ndiyo tunayowashauri, akina mama wenzetu.

Kwanza, kuvuka kwa miguu. Tangu utoto tumefundishwa kutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena. Hiyo ni kwa sababu kwetu gari la karibu hutokea kulia. Rwanda gari la karibu hutokea kushoto, kwa hiyo anza kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena. Mfundishe mtoto kabla ya safari, hata sebuleni kwa mchezo. Mkifika, mshike mkono, wala usimwachie mkubwa amshike mdogo, maana wote wawili ni wageni.

Pili, mlango wa basi. Ukiwa ndani ya basi la Tanzania, ukishavuka Rusumo usimruhusu mtoto atangulie kushuka. Mtu mzima ashuke kwanza, atazame pande zote mbili, ndipo apokee mtoto mkononi. Kama unaweza kusubiri mpaka stendi, subiri. Na mtoto akiwa usingizini, mwamshe vizuri kabla ya kumsimamisha. Mtoto mwenye usingizi hufuata miguu yake tu.

Tatu, safari ya gari la nyumbani. Magari yetu yana usukani upande wa kulia. Baba akiendesha Rwanda, anakuwa amekaa upande wa ukingo wa barabara. Akiwa nyuma ya lori haoni kinachokuja mbele mpaka aingize gari lote katikati. Mama aliyeketi mbele kushoto ndiye anayeona kwanza. Kwa hiyo, dada mpendwa, kiti hicho kule si cha kulalia wala si cha kuanzishia mazungumzo ya ada. Wewe ni macho ya mwenzako. Mkubaliane kabla ya kuondoka: ukisema "bado", asibishe, na kama huna hakika, sema "bado". Kufika umechelewa si aibu.

Katika gari hilo hilo, usimpakate mtoto kiti cha mbele. Gari likisimama ghafla, mikono ya mama haiwezi kumzuia, hata awe na nguvu namna gani. Mtoto akae nyuma, kwenye kiti chake maalumu kinacholingana na umri wake. Mama mjamzito naye afunge mkanda: wa chini upite chini ya tumbo, juu ya nyonga; wa juu upite katikati ya matiti. Usipite juu ya tumbo kamwe.

Nne, mwendo. Kwetu kikomo kwenye makazi ya watu ni kilomita 50 kwa saa, na mabasi hayaruhusiwi kuzidi 80. Mwaka 2015 Rwanda iliamuru magari ya abiria yafungwe vidhibiti mwendo vya kilomita 60 kwa saa. Msimnung'unikie dereva kwamba anatambaa. Hata hivyo saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa moja, basi mmeongezewa muda.

Tano, likitokea la kutokea. Piga simu 112, namba ya polisi katika nchi zote mbili. Kwa gari la wagonjwa Rwanda, piga 912. Majeruhi asivutwe ovyo, hasa akilalamika shingo au mgongo, isipokuwa kama kuna moto au hatari nyingine. Damu ikitoka kwa wingi, kunja kanga safi uikandamize kwa nguvu hapo hapo, usifungue kila mara kuchungulia. Asipewe maji wala chai.

Jambo la mwisho lilitugusa sana. Kigali tulipanda pikipiki mara kadhaa. Kila dereva alitupa kofia ngumu kabla hatujakaa, na alibeba abiria mmoja tu. Sote tulivaa, na vilemba vyetu tukavitia mkobani, hakuna aliyelalamika kwamba nywele zitaharibika. Sheria ya kofia ipo hata kwetu. Lakini tulipofika nyumbani, jioni ile ile, mwenzetu mmoja alipanda bodaboda bila kofia, mtoto katikati, mwingine nyuma. Mishikaki, kama tunavyoiita wenyewe tukicheka. Sisi tunaowapokea majeruhi hao wodini hatucheki.

Yule mvulana sasa anasoma darasa la kwanza. Mama yake anatuambia kwamba mpaka leo akifika mlango wa basi lolote husimama, akamsubiri mama ashuke kwanza. Hilo ni zoea jipya, na ni zuri kwa nchi zote mbili.

Tuombe kabla ya safari, wapendwa, na tukishasema Amina tufungue macho. Mungu awatangulie.